Mlokole aliyepuliza kipimo

Najua nimekuwa kimya kwa wiki mbili hivi, na wengine mmeanza kuniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa Ngara, mkoani Kagera, kule ambako Tanzania inapakana na Rwanda na Burundi. Kilichonipeleka kilikuwa kazi nyingine kabisa, lakini nilichorudi nacho ni kisa cha basi, na kisa chenyewe kimenifanya nichimbe vitabu na majarida ya madaktari kwa siku kadhaa. Kaa vizuri, ni kirefu kidogo.

Tuliondoka Ngara alfajiri kuelekea Mwanza. Dereva wetu ni mzee wa makamo ambaye utingo na abiria wa kila wiki wanamwita Mchungaji, ingawa si mchungaji. Ni mlokole, mtu aliyeokoka, na hajaonja pombe kwa zaidi ya miaka 20. Ndani ya basi lake hakuna muziki ila kwaya. Asubuhi ile dada yake alikuwa amemletea kidumu cha umutobe, yaani maji matamu ya ndizi mbivu zilizokamuliwa. Aliyakamua juzi yake. Tuliposimama kushusha abiria mmoja, Mchungaji akafungua kidumu, akapiga mafunda matatu, akafunika, tukaendelea.

Dakika mbili tatu mbele tukasimamishwa na askari wa usalama barabarani. Sitataja kituo, haina maana. Afande alikuwa na kile kimashine kidogo chenye mrija wa plastiki. Mchungaji akapuliza kwa kujiamini, kama mtu anayepuliza chai. Mashine ikalia. Afande akatazama namba, akamtazama dereva, akatazama tena namba.

"Mchungaji, leo umeamkia wapi?"

Jamani, ukimya ulioingia kwenye lile basi! Kisha sauti ya kijana kutoka viti vya nyuma: "Hao ndio wa mikesha!" Basi zima likacheka. Mimi pia nilicheka, nakiri.

Bahati ya Mchungaji ni kwamba afande alikuwa mtu mzima wa kazi. Alimuuliza amekunywa nini, akaonyeshwa kidumu, akakinusa, akatikisa kichwa. Akamwambia asukutue mdomo kwa maji, akae chini ya mti, asile wala asinywe kitu kwa dakika 20. Abiria wakalalamika kuhusu kuchelewa. Dakika 20 zikaisha, akapuliza tena. Sifuri. Tukapanda, tukaondoka. Hakuna aliyemwomba radhi, si yule kijana wa nyuma, si mimi.

Tulipofika Biharamulo kunywa chai nilimfuata. Nilitaka kumwambia pole, nikaishia kumuuliza kama aliogopa kunyang'anywa leseni. Akanijibu taratibu: "Mdogo wangu, leseni inaweza kurudi. Ushuhuda haurudi."

Neno hilo ndilo lililoniamsha. Kwetu sisi wa mjini, kipimo cha ulevi ni habari ya faini na rushwa na kuchelewa. Kwa mtu kama yule ni habari ya yeye ni nani. Nikajiuliza maswali mawili. La kwanza, kwa nini kutokunywa ni jambo zito hivyo katika nchi ile? La pili, ni lini tuliamua kwamba mashine inajua zaidi kuliko mtu mwenyewe kilichoingia mdomoni mwake?

Tuanze na la kwanza. Ngara ni nchi ya Wahangaza na Washubi, Biharamulo ni ya Wasubi, na ukanda wote ule, kama Bukoba kwa Wahaya, umejaa migomba. Pombe ya ndizi huko si starehe tu. Wahaya wanaiita rubisi. Upande wa Ngara, kama kwa majirani wa Burundi na Rwanda, utasikia urwagwa. Ndizi huivishwa, mara nyingi ndani ya shimo, zikakamuliwa kwa majani, maji yake yakachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kisha yakaachwa yachachuke. Baada ya siku chache una pombe. Kwa pombe hiyo watu wameposa, wamepatana, wamelipa faini za wazee, wamezika. Mtu aliyekataa mrija alikuwa amekataa zaidi ya kinywaji, amewakataa walioshika mirija mingine.

Halafu likaja wimbi la uamsho. Wanahistoria wa dini wanalijua kama Uamsho wa Afrika Mashariki. Chimbuko lake linatajwa katika mikutano ya daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi jijini Kampala mwaka 1929, na katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, ambako Church alikuwa akifanya kazi. Ukitazama ramani utaona kwamba Gahini haiko mbali na Mto Kagera, na ng'ambo ya mto ni kwetu. Katika miaka ya 1930 uamsho ule ulisambaa Uganda, Rwanda na Burundi, ukaingia magharibi mwa Tanganyika kupitia vituo vya misheni ya Kianglikana kama Katoke. Waganda waliwaita watu wale Abalokole, waliookoka, na sisi tukalichukua jina: walokole.

Walokole walikuwa na mambo mawili makubwa. Kwanza, kuungama hadharani: unasimama mbele ya wenzako unataja dhambi yako kwa jina lake. Pili, kuacha pombe kabisa. Fikiria maana yake katika nchi ambayo kila jambo la maana lilikaliwa kwenye mtungi. Mlokole wa kwanza katika ukoo alionekana mwenye majivuno, au mwendawazimu. Alichobaki nacho badala ya mtungi ni neno lake, yaani watu wamwamini anaposema "sinywi". Na waislamu wa maeneo yale wanaielewa hali hiyo vizuri, maana nao wamekuwa wachache katikati ya mirija.

Sasa swali la pili, habari ya mashine.

Kwa karne nyingi mlevi alitambuliwa kwa pua, macho na miguu. Ananuka, macho mekundu, anayumba. Njia hiyo ilikuwa na kasoro zake, kwa sababu mgonjwa wa kisukari naye huweza kuyumba na aliyepigwa kichwani naye huongea ovyo. Magari yalipoongezeka Ulaya na Marekani, mahakama zilitaka namba. Mwaka 1922 Erik Widmark wa Lund, Uswidi, alitoa njia ya kupima kilevi kwa matone machache tu ya damu. Mwaka 1927 Emil Bogen wa Los Angeles alionyesha kwamba hata pumzi inatosha, na pumzi hiyo aliikusanya kwenye kibofu cha mpira wa miguu. Kisha Rolla Harger, profesa wa Chuo Kikuu cha Indiana, akatengeneza mashine ya kupuliza kwenye puto, na polisi wa Indianapolis wakaitumia mkesha wa Mwaka Mpya wa 1938. Mwaka 1954 Robert Borkenstein, mtu wa polisi ya Indiana, akatengeneza mashine ndogo na rahisi zaidi, na jina alilolipa ndilo dunia ya Kiingereza inalitumia mpaka leo kwa vipimo vyote vya aina hiyo.

Waingereza walianza kupima pumzi barabarani mwaka 1967, chini ya waziri wa usafiri Barbara Castle. Dereva alipuliza mfuko kupitia kijibomba cha kioo chenye chembe za njano; zikigeuka kijani, una kesi ya kujibu. Kiwango walichoweka kilikuwa miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Namba hiyo hiyo, 80, ndiyo iliyoingia pia katika Sheria yetu ya Usalama Barabarani, sheria ya mwaka 1973.

Lakini sikiliza, hapa ndipo utamu ulipo. Mashine ya pumzi haipimi damu. Inapima hewa, kisha inakisia damu kwa hesabu. Mashine nyingi zimetengenezwa kwa dhana kwamba kilevi kilichomo katika mililita 1 ya damu ni sawa na kilichomo katika mililita 2,100 za pumzi. Waingereza wanatumia 2,300. Hesabu hiyo ni nzuri kwa watu wengi, ikiwa tu hewa unayopuliza imetoka ndani kabisa ya mapafu na kilevi kilichomo kimetoka kwenye damu. Kama kimetoka mdomoni, hesabu nzima imevunjika. Tone dogo la kilevi kwenye ulimi linazidishwa kana kwamba mwili mzima umejaa.

Ndicho kilichompata Mchungaji. Umutobe wa juzi si umutobe tena. Hamira ya asili iko kwenye maganda ya ndizi na kwenye vyombo, na haisubiri unga wa mtama ili ianze kazi. Kati ya sharubati na pombe hakuna ukuta, kuna saa tu. Maji yale yalikuwa yameanza kuchachuka, kiasi kidogo ambacho hakiwezi kumlewesha mtu kwa mafunda matatu, lakini mvuke wake ulikuwa bado mdomoni. Dawa za kusukutulia na baadhi ya dawa za kikohozi zenye kilevi huleta matatizo hayo hayo. Kilevi cha mdomoni huisha chenyewe kwa muda mfupi, ndiyo maana taratibu nzuri za upimaji zinataka mtu asubirishwe dakika 15 au 20 kisha apimwe tena. Afande yule alilijua hilo. Angekuwa mwingine, sijui kisa kingeishaje.

Nikadhani habari imeishia hapo. Kumbe hapo ni mlangoni tu.

Mwaka 2007 watafiti wawili wa Uswidi, Jones na Rössner, waliandika kisa cha mwanamume wa miaka 59 asiyekunywa pombe kabisa. Gari lake lilikuwa na kifaa kinachomtaka dereva apulize kwanza ndipo liwake. Akapuliza, likagoma. Mtu huyo alikuwa anapunguza mwili kwa kula chakula kidogo sana. Mwili ukikosa chakula huunguza mafuta yake wenyewe, na katika kuunguza hutoa asetoni. Kifaa chake hakikuwa na shida na asetoni, ila mwilini sehemu ya asetoni inaweza kugeuzwa kuwa isopropanoli, ambayo ni jamii ya kilevi ingawa si ile inayonywewa. Kifaa kikashindwa kutofautisha ndugu hao wawili. Njaa ikahesabiwa ulevi!

Na kuna kisa cha ajabu zaidi, ambacho kimeandikwa jirani kabisa na Kagera. Mwaka 1948 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha ripoti ya Ladkin na Davies. Davies ndiye J.N.P. Davies, mtaalamu wa maradhi aliyefanya kazi Kampala na kufundisha Makerere, jina kubwa katika historia ya tiba Afrika Mashariki. Ripoti ilihusu mtoto wa Kiafrika wa miaka mitano ambaye tumbo lake lilipasuka baada ya kula viazi vitamu. Madaktari walipomfungua walikuta ndani majimaji yenye povu, yanayonuka pombe.

Mtoto wa miaka mitano. Viazi vitamu. Harufu ya pombe.

Ripoti hiyo ilikuwa ya upasuaji, haikuwa ya ulevi, na kwa miaka mingi haikuwashughulisha wengi. Lakini leo waandishi wa tiba wanapoeleza historia ya hali ambayo tumbo la mtu hugeuka kiwanda cha pombe, mara nyingi huanza na mtoto yule. Wajapani walianza kuandika visa vya watu wazima kuanzia mwaka 1952: watu wanakula wali, hawanywi, wanalewa. Hamira inakuwa imejaa tumboni au kwenye utumbo, na kila wanga unaoingia unachachushwa. Kwa maneno mengine, mtungi wa urwagwa uko ndani ya mtu.

Mwaka 2013 Barbara Cordell na Justin McCarthy waliandika habari za mwanamume wa miaka 61 huko Texas. Aliwahi kufikishwa hospitali akiwa amelewa vibaya, akaapa kwamba hakunywa kitu, na wahudumu wakaamini ni mnywaji wa kujificha. Baadaye madaktari walimlaza kwa saa 24, wakapekua mizigo yake wahakikishe hakuna chupa, wakampa vyakula vya wanga. Kilevi kikapanda kwenye damu mbele ya macho yao. Waliyemkamata ni hamira ile ile ya mikate na bia. Alitibiwa kwa dawa za kuua fangasi na kupunguza wanga. Mwaka 2024 mahakama ya Bruges, Ubelgiji, ilimwachia huru mwanamume wa miaka 40 aliyeshtakiwa kuendesha akiwa amelewa, baada ya madaktari kuthibitisha ana hali hiyo. Na kwa kichekesho cha maisha, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia.

Angalia tofauti, ni muhimu. Kwa Mchungaji, mashine ilikosea: damu yake haikuwa na ulevi. Kwa mtu wa Texas mashine ilisema kweli: damu ilikuwa na kilevi, na barabarani angekuwa hatari kama mlevi yeyote. Kilichokuwa uongo ni hukumu iliyofuata, kwamba "wewe umekunywa". Mashine inaona molekuli. Haioni mkono ulioinua glasi. Huo mkono tunauongeza sisi wenyewe vichwani mwetu, haraka sana, kama lile basi zima lilivyouongeza asubuhi ile.

Sasa najua kuna atakayesema: bwana mwandishi, unawapa walevi maneno ya kusema mahakamani. Hapana. Ugonjwa wa tumbo kuzalisha pombe ni nadra mno. Wengi wanaosema "sijanywa, afande" wamekunywa, tena vizuri. Barabara ile ya kutoka Lusahunga kupitia Nyakahura hadi Benaco na Rusumo imebeba malori ya Kigali na Bujumbura kwa miaka, na anayeiendesha akiwa amelewa ni muuaji anayesubiri siku yake. Vipimo vimeokoa maisha. Nataka viwepo, na viwe vingi.

Ninachosema ni kidogo zaidi. Namba ya kwanza ni swali, si jibu. Majirani zetu Wakenya walilipitia hili kwa njia yao. Kipimo chao, alkoblo, kilirudi barabarani kwa kishindo Desemba 2013, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaona kwamba kanuni zake hazikuendana na sheria mama ya barabarani, kwa sababu sheria ile iliadhibu mtu aliyeshindwa kulimudu gari kwa sababu ya kilevi, wakati kanuni ziliadhibu kuzidi namba tu. Unaweza kukubaliana na majaji au usikubaliane, lakini swali lao lilikuwa zuri: kosa ni namba au ni hali ya mtu?

Na tiba ya makosa mengi ya namna hii ni rahisi mno. Maji ya kusukutua, dakika 20, kupuliza mara ya pili. Ikibaki na utata, damu ipimwe hospitali. Kwa asiyekunywa ambaye namba inajirudia rudia, daktari badala ya rumande. Hakuna hapo kinachohitaji fedha za wafadhili. Kinachohitajika ni askari mwenye subira na abiria wasio na haraka ya kucheka.

Nilipokuwa narudi wiki iliyofuata nilipanda basi lile lile kwa makusudi. Mchungaji alinitambua. Nikamwuliza habari za kanisani. Akasema habari zilikuwa zimemtangulia kwa simu kabla hata hajafika Mwanza siku ile. Jumapili alisimama mwenyewe mbele ya wenzake, akaeleza yote, kidumu, kipimo, dakika 20, sifuri. Wengi walimwamini. "Na wengine?" nikauliza. Akabadilisha gia, akatazama barabara.

"Wengine wananiombea," akasema.

Kisha akaniambia kwamba siku za safari hanywi tena umutobe wa dada yake. Anabeba maji ya chupa. Niliona chupa yenyewe pembeni ya kiti chake, haijafunguliwa.

Nilimwambia yule mzee kile ambacho nilipaswa kumwambia siku ya kwanza, kwamba na mimi nilicheka, na kwamba aniwie radhi. Akacheka yeye sasa, akasema yamekwisha.

Haya wadau, leo niishie hapo. Wewe je, umewahi kuitwa mlevi na hujanywa? Au unamfahamu aliyewahi? Karibu tuzungumze. Na ukiona dereva ameketi chini ya mti anasubiri dakika zake 20, tafadhali usilalamike kuhusu kuchelewa.